Kompyuta ya Gemu kwa Bajeti Ndogo: Kwa Nini Kadi Nzuri Peke Yake Haitoshi

Mtu anayetaka kujenga kompyuta ya gemu kwa fedha kidogo huanza, mara nyingi, kwa kuuliza ni kadi gani ya grafiki anayoweza kuipata kwa kiasi alichonacho, kisha vipande vingine vyote huvinunua kwa chenji itakayobaki. Utaratibu huo unaonekana wa busara, kwa kuwa kadi ndiyo ghali kuliko vyote, lakini ndio unaozaa mashine nyingi zinazowavunja moyo wenye nazo: kadi ni nzuri, prosesa (ubongo unaokokotoa) ni nzuri, na bado gemu linakwama. Mara nyingi kosa halimo ndani ya kipande chochote, bali limo pale vipande viwili vinapokutana. Kadi imepewa njia finyu ya kupitishia data, rami (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) imewekwa kijiti kimoja mahali panapotaka viwili, au pawa saplai (kipande kinachogawa umeme) imeandikwa wati isizoweza kuzitoa. Mambo hayo hayaandikwi kwa herufi kubwa kwenye boksi, na ndiyo yanayomgharimu mnunuzi mwenye bajeti ndogo kuliko mwingine yeyote, kwa sababu hana akiba ya kununua mara ya pili.

Jambo la kwanza kuamua ni monita na aina ya gemu zitakazochezwa. Monita ya kawaida ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Ya 2560 kwa 1440 ina pikseli 3,686,400, na ile inayoitwa 4K ina 8,294,400, yaani mara nne kamili ya ya kwanza. Kila fremu, yaani kila picha moja inayoonekana kwenye kioo, ni lazima kadi ichore pikseli hizo zote upya, kwa hiyo anayenunua kioo kikubwa kwa sababu alikipata kwa bei nzuri ameipa kadi yake kazi ambayo hakuipangia bajeti. Kasi ya kioo nayo ina hesabu yake. Monita ya hezi 60 inaonyesha fremu moja kila baada ya milisekunde 16.7, na ya hezi 144 inafanya hivyo kila baada ya milisekunde 6.9 hivi. Kwa anayecheza eFootball au GTA V, hezi 60 katika 1080 zinatosha, na fedha inayobaki ina kazi nyingine. Kwa anayecheza Counter-Strike 2 au Valorant kwa ushindani, hezi 144 zina maana, lakini hapo mzigo unahama kutoka kwenye kadi kwenda kwenye prosesa, na hesabu nzima ya ununuzi inabadilika.

Ili kuelewa kwa nini mzigo unahama, ni vizuri kuifuata fremu moja tangu inapoanza. Prosesa ndiyo inayoanza: inasoma ulichobonyeza, inakokotoa mpira umefika wapi, mchezaji yupi amegongana na yupi, na adui anayeongozwa na kompyuta atafanya nini. Ikimaliza inaandaa maagizo ya kuchora na kuyakabidhi kwa kadi ya grafiki, nayo inageuza maagizo hayo kuwa pikseli. Kazi ya prosesa haipungui hata kidogo ukipunguza ukubwa wa picha, kwa kuwa mpira na wachezaji ni walewale. Kazi ya kadi inapungua sana. Hapo ndipo unapopatikana mtihani rahisi wa kubaini nani anamchelewesha mwenzake: shusha ukubwa wa picha katika mipangilio ya gemu, kisha angalia idadi ya fremu kwa sekunde. Zikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa imeelemewa. Zikibaki palepale, prosesa ndiyo yenye kikomo, na kununua kadi kubwa zaidi hakutaongeza chochote cha kuonekana. Mtihani huo haugharimu hata senti, na ungefaa kufanywa na kila anayetaka kuboresha mashine aliyonayo kabla hajaenda dukani.

Tukija kwenye kadi yenyewe, mfano mzuri wa bajeti ya chini kwa picha ya 1080 ni Radeon RX 6600, iliyotoka Oktoba 2021. Ina kumbukumbu ya GB 8 na inatumia umeme wa wati 132, kiasi ambacho pawa saplai ya kawaida yenye ubora inakimudu. Ukubwa wa kumbukumbu ya kadi umekuwa jambo zito katika miaka ya karibuni. Gemu mpya hupakia picha za kuta, nguo, nyasi na nyuso kwenye kumbukumbu hiyo, na inapojaa, kadi hulazimika kuchota zinazokosekana kutoka kwenye rami ya kompyuta. Umbali huo unaonekana machoni, kwani gemu hukatika ghafla kila unapogeuka, hata kama wastani wa fremu kwenye karatasi ni mzuri. Kwa gemu za miaka ya nyuma na za mpira, GB 4 bado zinafanya kazi. Kwa anayetaka gemu kubwa za sasa, nisingemshauri kutoa fedha yake kwa kadi mpya yenye chini ya GB 8.

Uchotaji huo wa data kutoka nje ya kadi unatuleta kwenye kiungo cha kwanza, nacho kinastahili kuangaliwa kwa karibu. Kadi huwasiliana na kompyuta kupitia njia za PCIe zilizo kwenye mazabodi (ubao unaounganisha vipande vyote), na ufanisi wake unategemea mambo mawili: idadi ya njia na kizazi chake. Njia nne za kizazi cha 4 hupitisha karibu GB 8 kwa sekunde, ilhali njia nne za kizazi cha 3 hupitisha nusu ya kiasi hicho. Radeon RX 6500 XT, iliyotoka Januari 2022 ikiwa na kumbukumbu ya GB 4, imeundwa kwa njia nne tu. Ikiwekwa kwenye mazabodi mpya inafanya kazi yake, lakini ikiwekwa kwenye mazabodi ya zamani yenye kizazi cha 3, ambayo ndiyo aliyonayo mnunuzi wa kadi ya bei hiyo, inanyimwa nusu ya uwezo wa njia hizo, na kwa kuwa kumbukumbu yake ni ndogo ndiyo inayohitaji njia hiyo kuliko kadi nyingine. Hivyo udhaifu mmoja unaukuza mwingine. RX 6600 ina njia nane, na kwa hiyo hata kwenye kizazi cha 3 hupungukiwa kidogo tu. Kadi ya zamani ya GTX 1650 ina njia kumi na sita za kizazi cha 3, ndiyo sababu huwekwa kwenye mashine za zamani bila kupoteza chochote upande huo. Hizi ni taarifa zinazopatikana katika ukurasa wa maelezo ya mtengenezaji, lakini muuzaji hatakutajia, na tofauti ya bei kati ya kadi hizi haikuambii lolote kuzihusu.

Kwenye prosesa, mabishano ya kampuni za AMD na Intel yana manufaa machache kuliko muda yanaochukua. Ryzen 5 5600 ya AMD ya mwaka 2022, yenye viini sita (sehemu zinazokokotoa) na nyuzi kumi na mbili (kazi zinazoweza kushughulikiwa kwa pamoja), na Core i5-12400F ya Intel ya mwaka huohuo yenye idadi hiyohiyo, zote zinatosha kuiendesha kadi ya daraja la RX 6600 bila kuichelewesha. Hata Core i3-12100F yenye viini vinne inaweza, kwa gemu nyingi. La muhimu zaidi ni kusoma herufi na tarakimu zinazofuata jina. Herufi F kwa Intel inamaanisha prosesa haina grafiki za ndani, kwa hiyo bila kadi hakuna picha yoyote, na kadi ikiharibika mashine yote inakuwa haina macho. Ryzen 5 5500 inaonekana kama ndugu mdogo tu wa 5600, lakini kumbukumbu yake ya ndani ya ngazi ya tatu (ile ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa yenyewe) ni MB 16 badala ya MB 32, na njia zake za PCIe ni za kizazi cha 3 hata ukiiweka kwenye mazabodi bora kabisa. Tofauti ya kumbukumbu ya ndani huonekana hasa katika gemu zile za ushindani zinazoegemea prosesa. Ryzen 5 5600G nayo ina MB 16 na kizazi cha 3, ila inabeba grafiki za ndani, na hilo linaipa matumizi yake maalumu nitakayoyaeleza mwishoni.

Mazabodi haiongezi fremu, na kwa bajeti ndogo inatosha kuhakikisha mambo machache: soketi (tundu la kuwekea prosesa) ilingane na prosesa, kuwe na nafasi ya SSD (diski isiyozunguka) aina ya M.2, ile inayochomekwa kwenye mazabodi moja kwa moja, na nafasi za rami ziwe angalau mbili. Kwa soketi ya AM4, ile ya prosesa za Ryzen tulizozitaja, kuna jambo moja la kuuliza dukani. Mazabodi ya B450 iliyokaa kwenye boksi tangu kabla ya kutoka kwa familia yao ya Ryzen 5000 mwishoni mwa 2020 haiwezi kuitambua prosesa hiyo mpaka BIOS yake (programu ya ndani inayoiwasha kompyuta) isasishwe, na mtu asiye na prosesa ya zamani ya kuwashia atakwama mezani akidhani amenunua kitu kibovu. Mwambie muuzaji aisasishe kabla hujatoka.

Kuhusu rami, kinachohitajika ni GB 16 zikiwa vijiti viwili vya GB 8. Prosesa za daraja hili zina milango miwili ya kumbukumbu, na kijiti kimoja hufungua mmoja tu. Kijiti cha DDR4 (kizazi cha nne cha rami hizi) cha kasi ya 3200 hupitisha GB 25.6 kwa sekunde, na viwili vikiwekwa kwenye nafasi sahihi hupitisha 51.2. Prosesa yenye grafiki za ndani inaathirika kuliko zote, kwa sababu rami hiyohiyo ndiyo kumbukumbu ya grafiki zake, na kijiti kimoja kinaweza kuigeuza mashine inayochezeka kuwa isiyochezeka. Tena rami nyingi zilizoandikwa 3200 huanza kazi kwa kasi ya chini zaidi mpaka mwenye mashine aingie BIOS na kuwasha mpangilio uitwao XMP, jambo la dakika moja ambalo watu wengi hawalifanyi maisha yote ya kompyuta. Bei ya rami ilipanda kwa kasi duniani kuanzia miezi ya mwisho ya 2025, viwanda vikubwa vya Samsung, SK Hynix na Micron vilipoelekeza uwezo wao kwenye seva za akili mnemba. Kwa sababu hiyo naona soketi ya AM4 inayotumia DDR4, ambayo hata ya mtumba hupatikana, bado ina nafasi yake kwa mwenye fedha kidogo, ingawa AM5 iliyoanza 2022 na inayotumia DDR5 pekee ndiyo yenye miaka mingi mbele.

Uhifadhi hauhitaji maneno mengi. SSD ya SATA, muunganisho wa zamani, husoma karibu MB 550 kwa sekunde, na ya NVMe, inayopitia njia za PCIe, ya kizazi cha 3 hufika hadi MB 3,500, lakini katika kufungua gemu nyingi tofauti kati ya hizo mbili ni ndogo kuliko tarakimu zinavyodokeza. Pengo kubwa ni kati ya SSD yoyote na diski ya kuzunguka, ambayo siku hizi inafaa kuhifadhia picha na filamu.

Pawa saplai, kinyume chake, nataka tukae nayo, kwa sababu ndicho kipande kinachodharauliwa kuliko vyote na ndicho pekee kinachoweza kuua vingine. Kesi nyingi za bei nafuu huuzwa zikiwa na pawa saplai ndani yake yenye kibandiko cha wati 500 au 600. Usisome tarakimu hiyo kubwa. Tafuta kwenye kibandiko safu ya volti 12, kwa kuwa prosesa na kadi hula umeme kutoka hapo, kisha zidisha ampea zilizoandikwa kwa 12. Ukikuta pawa saplai ya wati 600 ambayo safu yake ya volti 12 ina ampea 18, hesabu yake ni wati 216, na hizo ndizo wati ulizo nazo kwa vipande vinavyokula. Sasa linganisha na mahitaji: RX 6600 ni wati 132, Ryzen 5 5600 imewekewa kikomo cha wati 76, jumla 208 kabla ya kuhesabu feni, diski na mazabodi, na kabla ya zile sekunde ndogo ambazo kadi huruka juu ya kiwango chake. Mashine hiyo itawaka, itafungua Windows, itacheza video, kisha itajizima katikati ya mechi. Pawa saplai ya kweli ya wati 500 au 550, yenye cheti cha 80 PLUS (cha kutopoteza umeme mwingi) na karibu wati zake zote zikiwa kwenye safu ya volti 12, inatosha mashine hii na inabaki na nafasi ya kadi kubwa kidogo baadaye.

Umeme wa kwetu unaongeza mambo mawili. La kwanza ni kwa mashine za mtumba zilizotoka Marekani. Pawa saplai za zamani huwa na swichi ndogo nyekundu nyuma, yenye alama za 115 na 230. Ikibaki kwenye 115 na ukaichomeka kwenye umeme wa Tanzania wa volti 230 au wa Kenya wa volti 240, italipuka papo hapo, kwa hiyo iangalie kabla ya kugusa waya. Pawa saplai za kisasa zenye urekebishaji hai wa nguvu (kwa Kiingereza active PFC) hazina swichi hiyo, kwani hupokea kuanzia volti 100 hadi 240 zenyewe. La pili ni UPS, yaani betri ya akiba ya umeme unapokatika. Baadhi ya UPS za bei ya chini hutoa umeme wenye umbo la ngazi badala ya wimbi laini unapokatika umeme, na pawa saplai hizohizo za kisasa wakati mwingine hulikataa umbo hilo na kuzima, hivyo UPS inashindwa wakati uleule ambao ilinunuliwa kwa ajili yake. Jaribu ukiwa dukani, mzigo ukiwa juu, kwa kuchomoa waya wa ukutani.

Ipo njia nyingine inayopendwa sana Kariakoo na katikati ya Nairobi, nayo ni kununua kompyuta ya ofisi iliyotumika, kama Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre, na kuiongezea kadi. Ni njia ya heshima na kwa bajeti ya chini kabisa siwezi kuipinga, lakini ina viungo vyake. OptiPlex 7050 ya umbo jembamba ina pawa saplai ya wati 180, isiyo na waya wa kulisha kadi, na plagi zake hazifanani na za pawa saplai za kawaida, kwa hiyo huwezi kuibadilisha kirahisi. Kesi yake inapokea kadi fupi tu. Zinazobaki ni kadi zinazokula umeme kutoka kwenye nafasi ya mazabodi peke yake, kiwango cha juu kikiwa wati 75: GTX 1650 ya umbo fupi, au RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka Februari 2024, inayotumia wati 70. RX 6400 nayo inaingia na inakula umeme kidogo, ila ina njia nne tulizozizungumza, na OptiPlex hiyo ina PCIe ya kizazi cha 3. Prosesa ya i5-7500 iliyomo ina viini vinne bila nyuzi za ziada, inafaa kwa mpira na GTA V, na itachoka kwa gemu mpya. Zaidi ya hayo, Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, ilhali i5-7500 ni ya kizazi cha 7. Anayechagua njia hii ni afadhali aongeze fedha kidogo apate OptiPlex 7060 yenye i5-8500 ya viini sita, na akipata ya umbo la mnara aichukue hiyo badala ya nyembamba.

Kadi za mtumba zinahitaji jicho la ziada. Sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoachana na uchimbaji wa kutumia kadi za grafiki Septemba 2022, kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana ziliingia sokoni. Kadi ya namna hiyo si lazima iwe mbovu, lakini feni zake huwa zimechoka, na pedi za kupoza kumbukumbu huwa zimekauka, kwa hiyo ijaribiwe kwa mzigo kamili kwa robo saa huku ukitazama joto. Hatari kubwa zaidi ni kadi bandia: chipu za kizazi cha GTX 550 Ti cha mwaka 2011 zilizoandikwa upya BIOS ya kadi ili Windows izione kama GTX 1050 Ti. Programu ya bure ya GPU-Z huzitambua tangu toleo lake la mwishoni mwa 2018. Kama huna kompyuta ya kujaribia, geuza kadi uangalie matundu yake. Chipu za GTX 1050 Ti hazitoi mawimbi ya analojia, kwa hiyo kadi yenye jina hilo na tundu la bluu la VGA, ambalo ni la analojia, ni ya kuirudisha mezani bila majadiliano.

Linabaki swali la wale ambao fedha yao huja kwa awamu, na ndio wengi. Desturi ya kununua kesi mwezi huu, mazabodi mwezi ujao na prosesa baadaye ina hasara iliyojificha, kwa kuwa waranti ya kila kipande huanza kuhesabiwa siku ya risiti, na kipande kisichoweza kuwashwa hakiwezi kujaribiwa. Unaweza kukusanya vipande mwaka mzima na kugundua mazabodi ni mbovu wakati waranti yake imekwisha. Hapo ndipo Ryzen 5 5600G inapopata kazi yake. Pamoja na mazabodi ya B550, vijiti viwili vya rami, SSD na pawa saplai nzuri ya wati 550, inakuwa kompyuta kamili inayowaka siku ya kwanza, inayocheza eFootball na gemu nyepesi kwa grafiki zake za ndani, na inayofaa kazi za shule na ofisi. RX 6600 ikiongezwa miezi sita baadaye itapoteza asilimia ndogo kwa sababu ya kizazi cha 3 cha njia, nayo ni gharama ninayoiona halali. Siku hiyo waya wa monita uhamishwe kutoka kwenye tundu la mazabodi hadi kwenye tundu la kadi, la sivyo gemu zitaendelea kuchorwa na grafiki za ndani huku kadi mpya ikikaa bila kazi.